Jinsi ya kupeleka taarifa ya maandamano ya kutetea wanyama Mombasa

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wanaotaka kuandamana kwa ajili ya punda wa mikokoteni ni hili: pamiti ya maandamano inatolewa wapi? Haitolewi popote, kwa sababu haipo. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kimempa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, mradi awe na amani na asibebe silaha. Kinachotakiwa na Sheria ya Utaratibu wa Umma, Sura ya 56, ni taarifa. Unamwarifu mkuu wa kituo cha polisi, yule tunayemwita OCS, kwamba siku fulani mtapita mahali fulani.

Naona wengine watasema nacheza na maneno. Sisi barua yetu ya kwanza iliandikwa "tunaomba ruhusa". Tuliyempelekea, kituo sikitaji, akatwambia turudi kesho. Kesho yake, turudi Jumatatu. Jumatatu bosi hayupo. Tarehe ikatupita tukiwa kwenye benchi. Ukiomba ruhusa, unakuwa mwombaji, na mwombaji husubiri. Ukitoa taarifa, kazi yako imekwisha pale barua inapopokelewa.

Kabla ya barua, jueni mnamlalamikia nani. Hapa ndipo wengi huharibu, maana bango la "Komesha ukatili" halimlazimishi mtu yeyote kufanya chochote. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, imeshayataja mengi tunayoyaona kila asubuhi Kongowea na Kisauni: kumpiga mnyama kikatili, kumtwisha mzigo uliomzidi, kumfanyisha kazi ilhali hafai kufanya kazi, kumnyima chakula na maji. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Hebu linganisha faini hiyo na bei ya punda mmoja. Kama dai lenu ni faini ipandishwe, hilo ni la Bunge la Taifa huko Nairobi. Lakini Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya udhibiti na ustawi wa wanyama, kwa hiyo vituo vya maji ya kunywesha punda, kikomo cha mzigo, na daktari wa mifugo wa kuwakagua, hayo yote mnaweza kuyapeleka Bunge la Kaunti ya Mombasa.

Majaribio ya maabara ni habari nyingine. Sura hiyo hiyo ya 360 inasema hakuna kumfanyia mnyama jaribio bila leseni ya waziri. Dai la namna hiyo ni la serikali kuu, na mfano wa kuwaonyesha upo: tangu Machi 2013 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama. Msichanganye punda na maabara kwenye barua moja. Nimeona ikifanywa, na kila ofisi ikasema hilo si letu.

Sasa tarehe. Taarifa ifike siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla ya maandamano. Tuseme mnataka tarehe 4 Oktoba, Siku ya Wanyama Duniani. Barua itaanza kupokelewa tarehe 20 Septemba, na mwisho kabisa ni tarehe 1 Oktoba. Msingoje mwisho. Pelekeni siku 10 kabla, ili kukiwa na kasoro mpate muda wa kurudi. Wanaopinga majaribio hupenda tarehe 24 Aprili, siku ya wanyama wa maabara, lakini Aprili ya Mombasa mnaijua: mvua ya masika, na mabango ya karatasi hugeuka uji. Saa ni kati ya 12 asubuhi na 12 jioni. Ijumaa adhuhuri msiiguse kabisa. Binafsi napenda Jumamosi saa 2 asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Njia iandikwe barabara kwa barabara. "Katikati ya mji" si njia. Sisi hutumia hii: kukusanyika uwanja wa Makadara, kushika Digo Road, kisha Moi Avenue hadi Pembe za Ndovu, yale matao makubwa yaliyojengwa juu ya barabara, na kumalizia bustani ya Uhuru iliyo kando yake. Ni fupi, wazee wanaimudu, na pembe zile zinapendeza kwa picha. (Kila mara kuna mtu wa kuuliza kama tunasimama chini ya pembe za tembo waliouawa. Hapana, ni za bati la alumini.) Barua ipelekwe kituo kinachosimamia eneo mnapoanzia. Njia ikiingia eneo la kituo kingine, hicho nacho kipewe nakala.

Mkifika kituoni ulizeni kwanza kama wana fomu yao ya taarifa. Iwapo ipo, ijazeni hapo hapo na muiambatanishe na barua. Barua yenyewe haihitaji urefu, na Kiswahili kinatosha:

"Kwa Mkuu wa Kituo. KUH: TAARIFA YA MAANDAMANO YA AMANI. Kwa mujibu wa Kifungu cha 37 cha Katiba na kifungu cha 5 cha Sheria ya Utaratibu wa Umma, nakuarifu kwamba tutafanya maandamano ya amani tarehe (…), kuanzia saa (…) hadi saa (…). Tutakusanyika (…), tutapita (…), na kumalizia (…). Lengo ni kutaka hatua dhidi ya ukatili kwa punda wa mizigo. Tunatarajia watu wapatao (…). Mwandalizi ni (jina kamili), anayeishi (mtaa, nyumba), simu (…). Tutashukuru kupata maafisa wa kutusaidia kwenye makutano ya barabara."

Majina kamili, mahali mwandalizi anapoishi, tarehe, saa na njia: hayo ndiyo sheria inayoyataka. Anwani ya sanduku la posta pekee haitoshi, kwa sababu polisi wakiwa na pingamizi la tarehe wanatakiwa kulileta kwa maandishi hadi mlango wenu. Hiyo sentensi ya mwisho ya kuomba maafisa niliongeza mwenyewe. Huilainisha barua bila kuigeuza ombi.

Chapisheni nakala tatu. Moja inabaki kituoni, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe, saa na jina la afisa, ya tatu ni akiba. Msiondoke bila muhuri. Kama afande wa mapokezi anasema hana mamlaka ya kugonga, mwambieni kwa adabu kwamba mtamsubiri mwenye mamlaka, mkae. Kituo kinatakiwa kuweka rejista ya taarifa hizi, na rejista hiyo ni wazi kwa umma saa za kazi, basi ombeni muione na mhakikishe mmeandikwa. Piga picha nakala yenye muhuri, tuma kwa wenzako watano.

Je, wakikataa? Uliza sababu, na uliza iandikwe. Wengine wakiwa wametangulia kutoa taarifa ya mahali na saa hiyo hiyo, mnabadilisha tarehe bila ugomvi. Polisi wanaweza pia kuzuia mkusanyiko pale penye hatari ya wazi na ya karibu ya kuvunjika kwa amani. Lakini "hali ya usalama si nzuri" ya mdomo tu, isiyo na karatasi, si jibu. Andikeni barua ya pili ya kurejelea ya kwanza, igongwe muhuri, na nakala yake apelekewe wakili kabla ya siku yenyewe.

Siku yenyewe, mwandalizi aliyetajwa kwenye barua awepo mwanzo hadi mwisho, yeye au mwakilishi aliyemteua; sheria inamtaka asaidie kulinda amani. Teueni watu wa kusimamia foleni, wavae nguo za rangi moja, na polisi waonyeshwe ni nani. Na tafadhali, msilete punda. Mwaka mmoja wenzetu walitaka punda abebe bango mbele ya foleni, lami ya Moi Avenue ikichemka, ngoma na mavuvuzela masikioni mwake. Nikawauliza, basi huyu tumtetee kwa nani? Waliotaka kuleta punda wakaja na wenye mikokoteni watatu badala yake, na mmoja wao akasema mbele ya watu kwamba yeye huchapa kwa sababu tajiri wa mchanga analipa kwa safari. Sentensi hiyo ikaingia kwenye ombi letu kwa kaunti.

Ombi hilo, yaani barua ya madai mnayoiwasilisha Bunge la Kaunti, lifungwe mapema, si usiku wa kuamkia maandamano. Haki ya kuliwasilisha imo katika Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15. Liandikwe kwa Karani wa Bunge la Kaunti, kwa lugha ya heshima, lieleze mmeshajaribu wapi na mkajibiwa nini, kama kuna kesi mahakamani juu ya jambo hilo au la, na limalizie kwa kile mnachotaka bunge lifanye, kimoja kimoja. Kila anayetia sahihi aandike jina, nambari ya kitambulisho na anapoishi. Asiyejua kuandika aweke alama ya kidole gumba. Karani naye agonge muhuri kwenye nakala yenu, muitie kwenye faili moja na ile ya polisi. Kamati ikiwaita, nendeni nazo zote mbili, na yule mwenye mkokoteni.