Kufuatilia Mwendo na Usingizi wa Mgonjwa wa Parkinson Nyumbani kwa Kutumia Vihisi

Mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa neva unaoathiri mwendo, anayefika kliniki saa nne asubuhi akiwa amemeza dawa yake ya levodopa saa tatu, huonekana mwenye nafuu kuliko alivyo kweli. Huinuka kitini bila kushikwa mkono, hutembea hadi mlangoni na kurudi, na daktari huandika kwamba anaendelea vizuri. Ikifika saa sita dawa huwa imeanza kuisha nguvu, miguu inaganda kwenye kizingiti cha choo, na wakati huo hakuna mtaalamu aliye karibu. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, na nilianza kufunga vihisi katika nyumba za wagonjwa ili nijue kinachotokea katika saa hizo. Mwongozo huu unaeleza namna ninavyofanya, na unamfaa mtaalamu mwenzangu au ndugu wa mgonjwa anayeweza kufuata maelekezo ya kifaa.

Hatua ya 1: Pata ridhaa, kisha andika swali moja

Ridhaa itolewe na mgonjwa mwenyewe, si na mwanawe anayelipia vifaa. Mwonyeshe kila kihisi, mweleze kinaona nini na hakioni nini, na nani atasoma taarifa zake. Mwambie pia kwamba anaweza kusema viondolewe siku yoyote. Situmii kamera wala kinasa sauti chumbani au chooni, na sijawahi kujuta.

Baada ya hapo andika swali unalotaka lijibiwe, kwa mfano: "Je, mwendo wake hupungua kabla ya dozi inayofuata?" au "Anaamka mara ngapi usiku, na anatumia muda gani kufika chooni?" Nyumba iliyojaa vihisi bila swali itakupa maelfu ya mistari ya namba usizojua pa kuzipeleka.

Hatua ya 2: Chagua vifaa vichache

Kwa maswali hayo mawili vinatosha vifaa vinne: vihisi viwili vya miale ya infraredi kwa ajili ya korido, kihisi cha sumaku cha mlango wa choo, na mkeka wa kuhisi uzito unaowekwa chini ya godoro usawa wa kifua. Kihisi cha infraredi hakipigi picha; hutambua badiliko la joto pale mwili unapopita mbele yake. Humwona vizuri zaidi anayekatiza kuliko anayekijia moja kwa moja, na hiyo ndiyo sababu ya namna ya kukifunga katika hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Funga korido ya kupimia mwendo

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo usiwe na haraka. Tafuta sehemu ya korido iliyonyooka ambayo mgonjwa huipita kila siku bila kusimama. Funga vihisi viwili kwenye ukuta mmoja, vyote usawa wa kifua, vikielekea ukuta wa pili, na viachane kwa mita 3. Ziba lenzi ya kila kihisi kwa utepe mweusi na uache mwanya mwembamba wa wima katikati. Bila mwanya huo kihisi kitamwona mtu akiwa bado yuko mbali, na umbali wako wa mita 3 hautakuwa na maana.

Vihisi vya betri vinavyouzwa kwa ajili ya kuwasha taa havifai kwa kazi hii. Vingi vyao, vikishamwona mtu, hukaa kimya kwa dakika nzima ili kuokoa betri, na taarifa yake inaweza kuchelewa njiani. Anayetembea mita 3 kwa sekunde 4 ana mwendo wa mita 0.75 kwa sekunde. Ukikosea kwa nusu sekunde tu, jibu lako litaangukia popote kati ya 0.67 na 0.86, na badiliko unalolitafuta litakuwa limemezwa na kosa la kifaa. Tumia vihisi vya waya vilivyounganishwa na kidhibiti kidogo kimoja, kama ESP32, kinachotumia saa ile ile kwa vyote viwili.

Mkishamaliza, pita wewe mwenyewe mara kumi huku mwenzako akishika saa ya kupimia michezo. Namba zisipolingana, rekebisha mwanya wa utepe kabla ya kugusa programu.

Hatua ya 4: Weka kompyuta ya kukusanya taarifa

Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi yenye programu huria ya Home Assistant inatosha. Hifadhi taarifa humo humo nyumbani, weka nenosiri, na hakikisha saa yake ni sahihi, pamoja na betri ya akiba umeme ukikatika.

Hatua ya 5: Anzisha daftari la dawa

Bila saa ya kumeza dawa, grafu ya mwendo haisomeki. Daftari la karatasi kando ya vidonge linatosha: tarehe, saa, dozi, na neno moja kuhusu hali.

Kuna mtego mmoja ulioninasa mwenyewe. Kompyuta huandika 08:00 pale tunaposema saa mbili asubuhi. Mke wa mgonjwa mmoja aliandika "saa 2" kila siku, nami nikaingiza 02:00, na kwa juma zima nikawa ninashangaa kwa nini dawa ya usiku wa manane inafanya kazi mchana. Tangu hapo ninaomba waandike "asubuhi", "mchana" au "usiku" kila mara, na kubadilisha saa ni kazi yangu.

Hatua ya 6: Kusanya wiki 3 bila kengele yoyote

Katika kipindi hiki usimtumie mtu ujumbe wowote. Unatafuta kawaida ya mgonjwa huyu, kwa kuwa mgonjwa hulinganishwa na nafsi yake, si na jirani yake. Kwa kila siku panga namba za mwendo kutoka ndogo hadi kubwa na uchukue ya katikati; wastani huvurugwa na safari moja aliyosimama kuzungumza.

Kihisi hakijui ni nani aliyepita. Kama nyumba ina watu zaidi ya mmoja, hesabu safari za usiku zinazoanza kwa mkeka wa upande wake wa kitanda kuonyesha kwamba ameondoka. Za mchana zichukue saa ambazo yuko peke yake, hata kama zitakuwa chache.

Hatua ya 7: Soma taarifa pamoja na mgonjwa

Panga safari za korido kwa saa zilizopita tangu dozi ya mwisho. Mwendo ukishuka kila mara katika saa ya tatu au ya nne na kupanda tena baada ya kidonge, una jambo la kumpelekea daktari.

Usiku unahitaji uangalifu zaidi. Katika nyumba moja mkeka ulionyesha saa saba na dakika 52 usiku kwamba mzee ameondoka kitandani. Kihisi cha kwanza kilimwona baada ya dakika mbili na nusu, wakati kawaida yake ni sekunde 40, na mita 3 anazozimaliza mchana kwa sekunde 4 zilimchukua sekunde 11. Nilidhani miguu imeganda kando ya kitanda. Nilipomuuliza, alijibu kwamba hukaa ukingoni mwa godoro kwa sababu akisimama ghafla anaona giza. Mkeka ulio usawa wa kifua hauwezi kutofautisha aliyekaa ukingoni na aliyesimama. Tulimpima shinikizo la damu akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, na likashuka sana, jambo la kawaida katika Parkinson ambalo dawa zake zinaweza kulizidisha. Kama ningepeleka grafu bila kuuliza, huenda daktari angefikiria kuongeza dozi.

Safari za chooni zikipanda ghafla kutoka mbili hadi tano kwa usiku kadhaa mfululizo, pima mkojo kwanza kabla ya kuulaumu ugonjwa wa neva.

Hatua ya 8: Ongeza kengele, lakini mbili tu

Ya kwanza: ameondoka kitandani usiku na hajarudi kwa muda uliozidi sana kawaida yake. Ya pili: asubuhi imepita bila kihisi chochote kuona mtu. Kengele zikizidi, familia hunyamazisha simu, na ya kweli hupita kimya. Kamwe familia isipunguze wala kusimamisha levodopa kwa kufuata grafu. Kuiacha ghafla kunaweza kuwa hatari kubwa.

Mpango huu haufai kwa kifafa. Mshtuko wa kifafa unaweza kumkuta mtu akiwa kitandani, mahali ambapo vihisi vya korido havioni kitu. Kunahitajika kifaa cha kutambua mitikisiko ya mfululizo, na mtu wa karibu anayejua kwamba mshtuko ukipita dakika 5 ni dharura.

Hatua ya 9: Andaa karatasi ya kliniki

Daktari hana muda wa kufungua programu yako. Mpelekee ukurasa mmoja: mstari wa mwendo kwa saa za siku, alama za dozi juu yake, idadi ya safari za usiku kwa wiki, na chini yake maneno ya mgonjwa mwenyewe kuhusu siku zilizokuwa mbaya.