Umeacha Kwenda Kanisani na Bado Unaamini: Namna ya Kujipanga

Usianze kwa kutafuta ratiba ya maombi. Chukua karatasi uorodheshe kazi zote ambazo kanisa lilikuwa likikufanyia bila wewe kuzitilia maanani. Lilikukumbusha kwamba leo ni Jumapili. Lilikuchagulia somo, pamoja na yale ambayo usingeyafungua mwenyewe. Lilikuimbisha. Lilikuchangisha. Lilikuletea mtu wa kukuuliza, "Mbona juma lililopita hatukukuona?" Lilibatiza watoto na kuzika wazee. Ukiacha kwenda, kazi hizo zinabaki palepale, ila hazina mwenyewe. Waamini wengi niliowaona wakipoa hawakupoa kwa mashaka. Walipoa kwa sababu hakuna aliyezishika kazi hizo, hata Pasaka ikawapita kama Jumapili nyingine yoyote.

Mimi nilifundisha shule ya Jumapili miaka mingi na kuimba sauti ya pili kwenye kwaya, kisha nikaacha kwenda. Tuliuliza habari za hesabu za fedha, na namna tulivyojibiwa ilinitosha. Kristo sikumwacha. Haya ninayoandika ni kwa mtu aliyefika hapo nilipo. Asiyefika, sina haja ya kumvuta.

Kwanza, ujue kanisa lako linasemaje, usije ukajitungia ruhusa. Kwa Mkatoliki jambo hili ni zito: Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1247, inamtaka ashiriki Misa Jumapili na sikukuu zilizoamriwa. Kuzuiwa na ugonjwa ni jambo jingine, na kuamua tu kubaki nyumbani ni jambo jingine kabisa. Kwa Waprotestanti wengi hakuna kanuni ya namna hiyo, lakini kuna orodha ya washarika, na jina linaweza kufutwa. Uliza. Ukiwa huko ofisini, omba nakala ya cheti chako cha ubatizo na cha ndoa, maana siku utakayovihitaji yule karani anayekufahamu huenda hayupo.

Pili, waage. Kupotea kimyakimya kunazaa uvumi, na uvumi hukufuata hadi msibani. Barua fupi kwa mchungaji au padri inatosha: kwamba hutahudhuria kwa sasa, kwamba imani unayo, kwamba ulichokuwa umekabidhiwa (funguo, daftari la mahudhurio, sare za kwaya) umekirudisha kwa fulani. Usieleze sababu zote. Barua ya kurasa nne hujibiwa kwa kikao, na kikao hicho hukitaki.

Utasomewa Waebrania 10:25, "wala tusiache kukusanyika pamoja, kama ilivyo desturi ya wengine." Usiukwepe mstari huo kwa Mathayo 6:6, panaposema usali katika chumba chako cha ndani; Yesu pale alikuwa akisema juu ya wanaosali ili waonekane. Soma na mstari wa 24 unaotangulia: "tukaangaliane sisi kwa sisi na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri." Kuna deni hapo, na halilipwi na mtu aliyejifungia peke yake. Nasema hivyo nikiwa mmoja wa wasiokwenda.

Kwa hiyo kazi ya kumpata mtu wa kukuangalia ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo tunayoiruka. Kusoma na kusali tunaona ndiyo dini. Kuulizwa ulikuwa wapi tunaona ni usumbufu. Fikiria Wakristo wa Japani. Dini yao ilipigwa marufuku nchi nzima mwaka 1614, mapadri wakafukuzwa au kuuawa, na waumini wakajificha. Mwaka 1865 baadhi yao walijitokeza kwa padri Mfaransa, Bernard Petitjean, huko Nagasaki, wakamwambia kwamba wana imani moja naye. Zaidi ya miaka mia mbili bila padri! Hawakudumu kwa kila mtu kuamini kivyake. Waligawana kazi: huyu alitunza kalenda na kukokotoa siku za sikukuu, yule alibatiza, mwingine alipeleka habari nyumba kwa nyumba. Wao walilazimishwa, sisi tumechagua, na tofauti hiyo si ndogo. Lakini mpango wao unafaa kuigwa.

Tafuta basi mtu mmoja, wawili wakipatikana ni heri. Asiwe lazima ameacha kanisa kama wewe. Afadhali awe bado anakwenda, kwa sababu wawili walioacha pamoja huishia kusimuliana makosa ya mchungaji. Mwombe waziwazi, kwa maneno haya au yanayofanana nayo: "Naomba kila juma uniulize kama nimesali, na nikikujibu juu juu unibane." Wekeni siku maalumu. Mkikutana, Yakobo 5:16 imeshawapangia ajenda: kuungamiana na kuombeana. Mwambie pia ukiugua ajue wa kumwita, maana Yakobo 5:14 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa, nao hawatakuja wasipopata habari.

Kalenda sasa. Andika tarehe za Majilio, Krismasi, Jumatano ya Majivu, Ijumaa Kuu, Pasaka na Pentekoste mwaka unapoanza, kama madhehebu yako yanazishika, na uamue mapema kila siku hiyo utafanya nini. Jumapili yenyewe ipe saa. Saa ileile ya ibada yako ya zamani ndiyo rahisi zaidi, kwa sababu mwili umeshaizoea.

Kwa masomo usifungue Biblia popote inapofunguka. Utajikuta Zaburi ya 23 na Warumi 8 mwaka mzima, ukijibembeleza. Fuata kalenda ya masomo ya kanisa lako la zamani. Wakatoliki na Waprotestanti wengi wanazungusha masomo ya Jumapili kwa miaka mitatu. Au piga hesabu hii: Agano Jipya lina sura 260, nawe ukisoma sura moja kwa siku, siku tano kwa juma, unalimaliza kwa majuma 52. Siku mbili zilizobaki ni za Zaburi. Soma kwa sauti, hata kama chumbani ni wewe na kiti.

Na uimbe. Hili wanaume hasa wanalionea haya. Usicheze wimbo kwenye simu ukausikiliza. Imba beti zote, hata la tatu ambalo kwaya hulikata. Mahubiri ya mtandaoni mimi husikiliza nikiosha vyombo, nayo hunisaidia, ila siyaiti ibada.

Fedha ni rahisi kueleza na ngumu kutenda. Ukiacha kwenda, lile fungu lako la kumi huyeyuka kwenye matumizi bila hata kuaga. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba "kwake", kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, yaani kabla mchango haujaja kudaiwa (1 Wakorintho 16:2). Fanya hivyo: itenge Jumapili, iwe mbali na fedha zako, na uwe umeshaamua inakwenda kwa nani. Mimi natoa kwa mtu ninayeweza kumtembelea, na yule rafiki anayenibana namwonyesha daftari. Niliyeondoka kwa ajili ya hesabu siwezi kukataa kuhesabiwa.

Meza ya Bwana (komunyo, au Ekaristi kwa Mkatoliki) sina jibu moja la kukupa, na anayekupa jibu moja hajui madhehebu yako. Wapo wanaoumega mkate nyumbani, na makanisa yao yanaruhusu. Mkatoliki hawezi, Ekaristi inahitaji padri, na kanuni ya 920 inamtaka aipokee walau mara moja kwa mwaka, hasa kipindi cha Pasaka. Mwanafalsafa Mdenmarki Søren Kierkegaard, aliyekuwa ameacha ibada za kanisa la taifa lake, alikataa kupokea komunyo mikononi mwa mchungaji akiwa anakufa mwaka 1855. Alisema angeipokea kwa mlei, yaani muumini asiye mchungaji. Hakuipata. Ukiona kiu hiyo huiwezi, nenda siku hiyo ukapokee kama kanisa linakuruhusu, bila kuona kwamba umeshindwa.

Watoto usiwaamulie. Kama wanapenda kwenda na bibi yao, waende, na wakirudi waulize walichofundishwa badala ya kukikosoa.

Mwisho, utaalikwa harusi, ubatizo na maziko. Nenda, keti katikati. Ukikaa mlangoni watadhani umekuja kupeleleza. Yupo mzee atakayekushika mkono akisema kwa sauti, "Ooh, umeturudia!" Mjibu, "Nimekuja kwa ajili ya bibi harusi, mzee wangu, na nimefurahi kukuona," kisha umuulize habari za magoti yake.