Namna ya Kumtambua Liwali wa Kushi katika Maandishi ya Misri ya Kale

Anza na cheo, wala usitegemee mavazi. Tangu enzi ya Thutmose IV, mtu aliyetawala Nubia, nchi iliyo kusini mwa Misri, kwa niaba ya Farao aliitwa "mwana wa mfalme wa Kushi", na kwa kawaida aliongezewa usimamizi wa nchi za kusini. Usihangaike kumtafutia nafasi katika ukoo wa kifalme, kwa kuwa cheo hicho walipewa maofisa walioaminiwa, si watoto wa Farao.

Ukishapata cheo, soma jina la mfalme lililozungushiwa duara refu, kwa maana majina ya maliwali hujirudia na hupotosha hata wasomaji makini: akina Paser walikuwa wawili, na Huy wa enzi ya Tutankhamun si Huy wa Ramses II.

Mfano bora wa kujifunzia ni kaburi la huyo Huy wa kwanza, lenye namba TT40, huko Qurnet Murai, ng'ambo ya magharibi ya Luxor. Fuata michoro yake kwa utaratibu. Kwanza mtazame Huy akikabidhiwa muhuri wa kazi mbele ya mfalme, pamoja na mamlaka yanayoanzia Nekhen, ndani ya Misri yenyewe, na kuteremka kusini hadi eneo la Napata, mbali ndani ya Nubia. Kisha mtazame akiwaongoza Wanubi wanaoleta dhahabu, ngozi za chui na twiga aliye hai. Huy ndiye anayeshika upepeo wa unyoya wa mbuni, ingawa alama hiyo haitoshi peke yake, kwani wakuu wengine wa ikulu nao waliibeba. Miongoni mwa wanaosujudu yumo Hekanefer, mkuu wa Miam (Aniba, katika Nubia ya kaskazini), ambaye hapo amechorwa kwa mavazi ya Kinubi, ilhali katika kaburi lake mwenyewe huko Toshka alijionyesha kama Mmisri.

Mwisho, angalia maandishi yalikopatikana. Liwali alikuwa na manaibu wawili, mmoja wa Wawat, yaani Nubia ya kaskazini, na mwingine wa Kushi, kusini mwa maporomoko ya pili ya Mto Nile. Kwa hiyo jiwe la Aniba, makao ya naibu wa Wawat, au la Amara Magharibi, makao ya naibu wa Kushi, linalomtaja ofisa mkubwa huenda ni la naibu; hakikisha kwanza kama neno la unaibu limetangulia jina la nchi.