Namna ya kujipangia njia ya baiskeli isiyo na magari mashambani Ufaransa

Mwongozo huu ni kwa mtu mwenye baiskeli ya tairi nene kiasi, anayeishi Ufaransa au anayekuja kwa wiki moja au mbili, na ambaye hataki kusukumwa pembeni na malori. Njia za changarawe zipo tele huku. Tatizo ni kwamba zimekatika vipande vipande: reli iliyofungwa hapa, ukingo wa mfereji pale, njia ya matrekta nyuma ya kijiji. Anayetegemea programu ya simu imchoree safari nzima atajikuta kwenye lami kila baada ya muda mfupi. Kaa na ramani kwanza. Mfano wangu ni bonde la mito Orb na Jaur, kusini, chini ya milima ya Haut-Languedoc.

Hatua ya 1: Tafuta reli iliyokufa

Wafaransa waligeuza reli nyingi za vijijini kuwa njia ziitwazo *voies vertes*. Tangu 2004 sheria ya barabarani inazitambua kuwa njia za wasio na injini: baiskeli, waenda kwa miguu na, mara nyingi, farasi. Ya kwanza ilifunguliwa 1997 kati ya Givry na Cluny, huko Burgundy, kilometa 44. Uzuri wa reli ya zamani ni kwamba garimoshi halikuweza kupanda mlima mkali, kwa hiyo wewe pia hupandishwi ghafla hata ukiwa katikati ya milima.

Angalia kitu kimoja kabla ya kufurahi: uso wa njia. Kwenye maelezo ya Kifaransa, *enrobé* ni lami, *stabilisé* ni changarawe iliyoshindiliwa. Hiyo ya Burgundy ni lami karibu yote. Inafaa sana kwa watoto, ila kwa mtu aliyekuja kutafuta vumbi inachosha.

Passa Païs, njia ya reli ya zamani kwenye bonde letu la mfano, ni tofauti. Inatoka Bédarieux hadi Mazamet, takriban kilometa 80, na sehemu kubwa ni changarawe. Inapita Lamalou-les-Bains, inafika Olargues, kijiji kilichojengwa kwenye kilima na chenye daraja la mawe la zamani liitwalo Daraja la Shetani, kisha Saint-Pons-de-Thomières na Courniou. Baada ya Courniou unaingia handaki la Fenille, refu zaidi ya mita 700. Ukitokea upande wa pili umebadilisha bahari: mvua inayonyesha mashariki ya hapo inakwenda Mediterania, ya magharibi inakwenda Atlantiki. Vaa koti kabla ya kuingia, ndani kuna baridi hata Julai, na washa taa zako mwenyewe.

Ukikosa reli, tafuta mfereji. Wengi hukimbilia Canal du Midi kwa sababu ya jina lake. Mimi siupendekezi kwa safari ndefu ya mizigo: ukitoka Toulouse mpaka Port-Lauragais ni lami, na kuendelea mbele unaanza kugongana na mizizi ya miti, tope mvua ikinyesha, na kijia chembamba pembezoni mwa maji. Mfereji wa Nantes hadi Brest, kilometa 364, ni bora zaidi kwa tairi zetu. Kando yake, pale farasi walipokuwa wakivuta mashua, pamewekwa changarawe laini, na unapita miji kama Redon, Malestroit, Josselin na Pontivy. Ufahamu tu kwamba bwawa la Guerlédan, lililojengwa miaka ya 1920, liliukata mfereji huo, kwa hiyo hapo njia inaachana na maji na kuna kupanda kidogo.

Hatua ya 2: Toka kwenye reli, ingia kwenye ramani

Reli ni uti wa mgongo tu. Ukiifuata mwanzo hadi mwisho utaona bonde moja na migongo ya wasafiri wenzako. Utamu uko kwenye njia za kando.

Fungua tovuti ya ramani ya serikali (Géoportail, au cartes.gouv.fr inayochukua nafasi yake) na uchague ramani ya IGN, idara ya ramani ya taifa, ya kipimo cha 1:25 000. Kuitazama ni bure. Mstari mwembamba mweusi usiokatika kwa kawaida ni njia ya matrekta, na mstari wa vipande vifupi ni kijia cha miguu. Unataka ule wa kwanza. Kisha badilisha uone picha ya angani ya mahali hapohapo. Ukiona mistari miwili myeupe yenye jani katikati, matrekta bado yanapita na wewe utapita. Ukiona kijani kitupu, njia imebaki kwenye karatasi tu.

Hatua inayofuata ni OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, hasa sura yake iitwayo CyclOSM, iliyotengenezwa kwa ajili ya waendesha baiskeli. Wachoraji wake hupanga njia za mashamba kwa madaraja matano: 1 ni ngumu kama lami, 5 ni majani na udongo mtupu. Kwa baiskeli ya changarawe tafuta 2 na 3. Daraja la 4 ni la kiangazi. Chora mstari wako kwenye BRouter au programu yoyote unayoizoea, kipande kwa kipande, kisha hifadhi faili ya GPX, yaani faili yenye mstari wa njia yako, kwenye simu ili usitegemee mtandao. Kwenye mabonde membamba hakuna mtandao wa kutegemewa.

Lazima utagusa barabara za magari mahali fulani. Usidanganyike na namba zake: D908 ina tarakimu tatu, unaweza kuidhania ya kijijini, lakini ndiyo barabara kuu ya bonde hili la Jaur. Tazama rangi kwenye ramani ya Michelin. Nyekundu ikimbie, njano vumilia kwa muda mfupi, nyeupe pita bila wasiwasi.

Hatua ya 3: Uliza udongo

Hili halisemwi na programu yoyote, nalo ndilo linaloharibu safari nyingi. Brittany na Morvan ni nchi za mawe ya matale, maji yanazama haraka na asubuhi baada ya mvua unaendesha kama kawaida. Nyanda za juu za Causses ni chokaa, njia nyeupe, kavu, ngumu, zenye vijiwe vikali vinavyochana tairi. Sasa nenda Gers au Lorraine baada ya siku mbili za mvua. Ule ni mfinyanzi, una tabia za udongo mweusi wa mbugani: unaganda kwenye tairi, unajaza nafasi chini ya fremu, na gurudumu linakataa kuzunguka. Kama utabiri ni mvua na eneo ni la mfinyanzi, rudi kwenye reli au mfereji. Hakuna ujanja mwingine.

Hatua ya 4: Soma vibao

Duara jeupe lenye ukingo mwekundu, ndani tupu: hakuna chombo chochote kuingia, na baiskeli imo. Duara hilohilo likiwa na picha ya gari na pikipiki: wanaozuiwa ni wenye injini, wewe endelea. *Propriété privée* ni mali ya mtu, geuza. Kizuizi cha mbao au chuma kwenye barabara ya msitu wa serikali kwa kawaida kimewekwa kwa magari, zunguka pembeni. Sheria ya 3 Januari 1991 inakataza vyombo vya injini kutoka nje ya barabara zilizo wazi kwa magari, na ndiyo sababu mojawapo ya utulivu unaoukuta kwenye njia hizi.

Alama nyekundu na nyeupe kwenye miti ni za njia za GR, za watembeao kwa miguu. Zinapendeza, ila zinaweza kukupeleka kwenye ngazi za mawe huku umebeba baiskeli begani.

Hatua ya 5: Wawindaji, wakata magogo na mbwa

Msimu wa uwindaji kwa jumla huanza Septemba na kuisha mwishoni mwa Februari. Ukikuta kibao *Chasse en cours*, uwindaji unaendelea hapo. Vaa rangi kali, usijipenyeze vichakani, na ukiwaona watu wenye vizibao vya rangi ya chungwa wasalimie kwa sauti uulize upande salama. Watakuelekeza.

Kibao cha kukata magogo kiheshimu zaidi kuliko vyote. Na milimani kwenye kondoo kuna mbwa weupe wakubwa, *patou*. Ukimwona anakuja, shuka, weka baiskeli kati yako na yeye, tembea polepole ukilizunguka kundi kwa mbali. Ukikimbia atakukimbiza.

Jioni jikague kupe, hasa nyuma ya magoti.

Hatua ya 6: Baiskeli, maji na chakula

Tairi za milimita 40 hadi 45, zisizo na tyubu, zenye maji ya kuziba matundu. Kwa mtu wa kilo 75, upepo wa bar 2 hadi 2.5 unatosha. Beba tyubu moja ya akiba. Mtoto wa chini ya miaka 12 lazima avae helmeti, na nje ya mji usiku kizibao cha kung'aa ni sheria.

Maji yapo makaburini. Usishtuke: karibu kila kijiji kina makaburi yenye ukuta, na ndani kuna bomba la kumwagilia maua. Waendesha baiskeli wote huku hujaza chupa hapo. Soma kibao kwanza, *eau non potable* si ya kunywa. Ingia kwa adabu, vua helmeti ukiweza.

Chakula kinahitaji saa. Maduka ya vijijini hufunga adhuhuri kwa saa mbili au zaidi, Jumapili mchana usitegemee kitu, na Jumatatu maduka mengi ya mikate hayafungui. Nunua mkate asubuhi hata kama umeshiba.

Hatua ya 7: Treni ya kwenda na kurudi

Passa Païs ina stesheni hai pande zote mbili: Bédarieux unafika kwa treni kutoka Béziers, Mazamet kwa treni kutoka Toulouse. Treni za mkoa, TER, hubeba baiskeli, ila mikoa mingine inadai uweke nafasi mapema wakati wa kiangazi, kwa hiyo angalia masharti ya mkoa wako kabla ya kukata tiketi. Kwenye TGV, treni za mwendo kasi, ni ama ulipie nafasi ya baiskeli, au uifungue magurudumu na kuitia kwenye mfuko usiozidi sentimita 130 kwa 90. Fika stesheni mapema, uliza behewa la baiskeli liko upande gani, na usimame hapo kabla treni haijaingia.