Namna Wakazi Wanavyoweza Kusimamia Usafishaji wa Eneo Lenye Sumu

Mnamo Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru mtaa wa Owino Uhuru, uliochafuliwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, usafishwe kwa muda uliowekwa, la sivyo zilipwe shilingi milioni 700 za kuratibu kazi hiyo. Fidia ya wakazi, shilingi bilioni 1.3, ilibishaniwa hadi Mahakama ya Juu ilipoirejesha Desemba 2024. Kutoka hukumu hadi koleo, basi, ni mwendo mrefu, na wakazi wa mtaa wowote wenye janga kama hilo watumie muda huo kujiandaa.

Undeni kamati ndogo yenye wapangaji na si wenye nyumba peke yao, akina mama wa watoto wadogo, na angalau mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi kiwandani, kwa sababu huyo ndiye ajuaye majivu yalikuwa yakimwagwa wapi usiku. Kisha ombeni kwa maandishi mpango wa usafishaji na leseni ya mkandarasi. Sheria ya Kupata Habari ya Kenya ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21, au saa 48 iwapo uhai wa mtu umo hatarini. Afisa akiwaambia kwamba risasi iko "chini ya kiwango", muulizeni ni kiwango gani, cha miligramu ngapi kwa kilo ya udongo.

Jambo lisilofaa kuahirishwa ni sampuli, kwani asiyepima kabla ya kuchimbwa hana cha kulinganisha baadaye. Chukueni udongo wa juu pale watoto wanapochezea, mlangoni, na chini ya mchirizi wa paa la mabati, ambako mvua huteremsha vumbi la miaka. Changanyeni udongo wa kila sehemu katika ndoo safi yake, mwugawe mara mbili mbele ya mkandarasi, mfunge kila nusu katika mfuko wenye tarehe, mahali na saini za pande zote, kisha nusu yenu mwipeleke maabara isiyolipwa naye.

Kazi ikianza, vumbi litulizwe kwa maji, malori yafunikwe turubai na magurudumu yaoshwe kabla ya kutoka. Mlinzi wa zamu aandike namba ya kila lori, saa na linakokwenda, maana taka iliyohamishiwa korongo la jirani haijasafishwa.

Msitie saini ya kukamilika mpaka sehemu zilezile zipimwe upya na watoto wapimwe damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita ya damu chanzo chake kitafutwe. Vipimo hivyo virudiwe baada ya miezi kadhaa, kwa kuwa risasi hujificha mifupani kwa miaka na kurudi katika damu polepole.