SOMO: Kikundi cha mwaloni na ruzuku ndogo, kuanzia wazo hadi ripoti

Ndugu zangu, nimeulizwa mara nyingi tulivyopata ruzuku, na kila mara nimejibu kwa vipande, mara njiani, mara sokoni nikiwa na ndoo kichwani. Leo nimekaa niandike yote.

Kikundi chetu kina wanawake 18. Tunakausha dagaa wa Ziwa Victoria kwenye mwalo mmoja, yaani pale mitumbwi inaposhusha samaki, huko Ilemela, Mwanza, na mimi ndiye katibu. Mara ya kwanza tuliomba tukanyimwa. Mara ya pili tukapewa shilingi 3,400,000. Watu walikuwa ni wale wale, mwalo ni ule ule na katiba ni ile ile. Kilichobadilika ni tulichoomba na tulivyokieleza.

Kabla ya yote tuelewane maneno. Ruzuku hairudishwi, mkopo unarudishwa. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo hata kama hauna riba. Nimeona kikundi kikigawana fedha zile kama sadaka, halafu wanachama wakaanza kukimbiana njiani. Hapa nazungumzia ruzuku.

Hatua ya 1: Kikundi kiwe kinatembea

Usajili mnaufanya halmashauri kupitia kwa afisa maendeleo ya jamii, mkianzia kwa mtendaji wa kata. Muwe na katiba, majina ya viongozi, mihtasari ya vikao na akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja. Hayo mtaelekezwa vizuri hapo kata, sitayarefusha.

Nitakalosisitiza ni daftari. Sisi tulikuwa tunachanga shilingi 1,000 kila Jumamosi kwa miaka miwili kabla ya kusikia neno ruzuku. Mgeni wa mfadhili alipokuja, hakutaka risala. Aliomba daftari la michango, akalifunua katikati, akaweka kidole kwenye jina moja na kuuliza, "Huyu mbona wiki tatu hakuchanga?" Mweka hazina akajibu palepale: alikuwa anauguza mtoto hospitali ya Bugando, tulikaa kikao tukamsamehe, muhtasari huu hapa. Naamini ruzuku yetu ilipatikana katika dakika ile.

Hatua ya 2: Tafuteni jambo moja linalowakwamisha

Hapa ndipo vikundi vingi vinaanguka, na sisi tulianguka hapa. Andiko letu la kwanza la kuomba ruzuku lilitaka mashine ya kusaga, boti, jokofu, vyerehani sita na ofisi. Kila aliyekuwa na hamu yake tuliiandika ili asinune. Mtu akisoma andiko la namna ile hajui nyinyi ni wavuvi, mafundi cherehani au wauza barafu.

Baada ya kunyimwa tulikaa chini tukajiuliza swali moja: fedha yetu inapotelea wapi? Jibu lilikuwa chini ya miguu yetu. Ilikuwa inapotelea mchangani.

Anayeujua mwalo anajua. Dagaa wabichi unawanunua alfajiri, unawamwaga juu ya mchanga, unawatandaza kwa fagio. Kuku wanadonoa, mbwa wanapita, upepo unaleta vumbi. Mvua ikinyesha ghafla huwezi kuwaokota wote, na waliolowa wanavunda. Hata wakikauka salama, mnunuzi kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba anachota kiganja kimoja, anawasugua taratibu kati ya viganja viwili, kisha anafungua mikono na kutazama kilichobaki kwenye mistari ya kiganja. Akiona punje za mchanga anasema, "Hawa wa kuku." Hapo bei ya chakula cha watu imeshaondoka, umebaki na bei ya chakula cha mifugo. Ni dagaa wale wale, wa ziwa lile lile, uliowanunua kwa bei ile ile.

Dawa yake ni kichanja: nguzo za mti, juu yake wavu uliokazwa, urefu wa kiunoni. Upepo unapita juu na chini, kuku hafiki, na wingu likionekana upande wa ziwa watu wawili wanavuta turubai, kazi imekwisha. Nani angetukopesha fedha ya vichanja 12 kwa mkupuo? Kwa michango ya shilingi 1,000 tungejenga kimoja kimoja hadi tuzeeke. Ruzuku ndogo inafaa mahali kama hapo, kwenye kizuizi kimoja ambacho kikiondoka, nguvu mliyonayo tayari inaanza kulipa. Na angalieni, hatukuhitaji kuvua hata samaki mmoja wa ziada. Ziwa hili limebeba watu wa nchi tatu, kwa hiyo mradi unaoongeza kipato bila kuongeza nyavu majini ni jambo la kutilia maanani.

Kikundi chenu kizuizi chake kinaweza kuwa kingine kabisa. Pengine ni maji ya kunawia kwenye soko la samaki, au miche ya kupanda pale kingo zinapobomoka, au magugu maji yanayofunga gati. Kaeni mkitafute.

Hatua ya 3: Mtafuteni mfadhili anayefanana na jambo lenu

Msiombe popote. Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam hutoa ruzuku kwa asasi za kiraia. Mfuko wa Wanawake Tanzania huangalia vikundi vya wanawake na wasichana. Kwa mazingira kuna Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF, yaani Mfuko wa Mazingira wa Dunia, iliyoanza mwaka 1992 na kuendeshwa kupitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Ubalozi wa Japan una ruzuku za miradi ya jamii, na hizo mara nyingi huenda kwenye majengo na vifaa, kama madarasa au huduma za afya. Kila mmoja ana msimu wake na masharti yake, na hubadilika. Someni tangazo la mwaka huo neno kwa neno. Likisema "asasi zilizosajiliwa tu", msipoteze nauli mkiwa bado hamjasajiliwa.

Hatua ya 4: Andiko

Liwe fupi. La kwetu lilikuwa kurasa nne. Lilieleza sisi ni nani, tatizo ni lipi, tutafanya nini, kwa gharama gani, na tutajuaje kwamba limefanikiwa.

Takwimu zitoke kwenye daftari lenu wenyewe. Kwa mwezi mzima tuliandika kila jioni: ndoo ngapi zimeanikwa, ngapi zimeuzwa kwa bei ya watu, ngapi kwa bei ya kuku, ngapi zimemwagwa. Mezani tulipeleka ukurasa huo wenye madoa ya maji, na uliaminiwa kuliko maneno yetu yote.

Ratiba ifuate maisha ya ziwa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, siku za giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika na sisi hatuna kazi. Basi ujenzi tuliupanga siku za mbalamwezi, wakati mikono ipo na mwalo ni mtupu. Kama ungeupanga siku za giza, nani angeacha dagaa aje kuchimba mashimo?

Kuhusu eneo, ombeni barua ya serikali ya mtaa na ya BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia rasilimali za uvuvi kwenye mwalo wenu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo msiandike habari ya kumwaga zege ufukweni. Vichanja vyetu ni vya miti, vinang'oleka, na bado tulishauriana na afisa mazingira kwanza.

Bajeti ipate bei za madukani. Nendeni maduka matatu, ombeni profoma tatu, yaani karatasi za bei kabla ya kununua, ziambatanisheni. Wekeni usafiri wa nguzo na makato ya benki, kwa sababu hayo ndiyo husahaulika na baadaye hutoka mifukoni mwenu. Kisha onyesheni mchango wenu. Sisi tulichanga shilingi 20,000 kila mmoja, jumla 360,000, na kazi yote ya kuchimba na kufunga wavu tuliifanya wenyewe.

Hatua ya 5: Fedha ikiingia

Siku ileile iteni mkutano. Barua ya mkataba isomwe kwa sauti, mstari kwa mstari, hata kama itachukua saa mbili. Asiyejua kusoma naye aisikie.

Hakuna anayetoa fedha peke yake. Hakuna ununuzi bila risiti. Na hapa niwaambie jambo lililotuumiza. Risiti za mashine huchapwa kwenye karatasi inayofifia. Za kwetu nilizihifadhi kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, chini ya bati, na joto la Mwanza mnalijua. Baada ya miezi mitatu nilizifungua niandike ripoti nikakuta karatasi nyeupe. Nilitembea duka kwa duka siku mbili nikiomba nakala, na duka moja lilikuwa limehama. Tangu hapo, risiti ikitoka dukani inapitia steshenari kwanza kutolewa kopi, inapigwa na picha kwa simu, ndipo inafika nyumbani.

Bei nazo hupanda. Nguzo tulizoziandikia bei fulani tulizikuta zimepanda. Tulikuwa na nafasi kwenye fungu la turubai, na kishawishi cha kuhamisha kimyakimya kilikuwepo. Tukaandika barua kwa mfadhili, tukaambatanisha profoma mpya, tukasubiri siku nane. Wakakubali. Ombeni ruhusa kabla ya kuhamisha. Ukiomba baada ya kutumia, hapo umeomba msamaha.

Hatua ya 6: Ripoti

Andikeni ukweli, pamoja na yaliyokwama. Sisi tuliandika kwamba mchwa walikula nguzo mbili kwa sababu hatukuzipaka oili chafu kabla ya kuzichimbia. Hatukufokewa. Tuliulizwa tu tumefanya nini kuhusu zilizobaki.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mama katibu. Sisi Kayenze bado hatujasajiliwa na tangazo linafungwa karibuni. Tunaweza kutumia akaunti ya mwenyekiti wetu?*

Marahaba mwanangu. Hapana, wala namba yake ya simu. Hata akiwa mwaminifu kabisa, siku akifariki fedha ile ni ya warithi wake. Wapo wafadhili wanaokubali asasi iliyosajiliwa ishike fedha kwa niaba ya kikundi kidogo. Mkiipata, muandikiane makubaliano na nakala ibaki kwenu. Mkiikosa, acheni tangazo hili lipite, mjisajili kwa ajili ya lijalo.

*Mimi ni kijana wa Nansio. Kuna mtu anajitolea kutuandikia andiko, anataka nusu ya malipo sasa na asilimia 10 tukishinda. Anasema ana watu ndani.*

Mkimbieni. Mfadhili wa kweli hauzi nafasi, na hiyo asilimia mtaiandika fungu gani kwenye ripoti? Mtaanza kwa kutafuta risiti ya uongo, na mkishaanza hivyo hamtarudi. Afisa maendeleo ya jamii ni kazi yake kuwasaidia, bila malipo. Tena ulizeni kama wanapokea andiko la Kiswahili. Wapo wanaopokea.

*Wabeja sana kwa somo. Kwetu Magu wanachama wanasema ruzuku ikija tugawane kila mtu aendeleze biashara yake, kwa sababu wote ni maskini. Nawajibuje?*

Nawaelewa, maana ada ya shule haisubiri. Lakini piga nao hesabu mezani. Milioni 3.4 kwa watu 18 ni kama shilingi 189,000 kila mmoja, na ingeisha kabla ya mwezi kuandama tena. Vichanja bado vimesimama. Na ikiwa mkataba unasema vichanja mkagawana fedha, hilo ni kosa mnaloweza kushtakiwa. Waambie wazi, usiwafiche.

*Dada, mimi niko Sengerema. Kikundi chetu kilipata ruzuku mwaka jana na tangu hapo michango imekufa. Watu wanasema mzungu atatoa tena. Kwenu haikutokea?*

Ilitokea, dada yangu. Miezi mitatu baada ya vichanja kukamilika, Jumamosi tulikuwa tunafika watu saba. Tulipitisha kwenye kikao kwamba kila ndoo inayoanikwa inalipiwa shilingi 200, ziende kwenye fungu la matengenezo pekee. Mwanzoni walinung'unika. Kisha wavu wa kichanja cha nne ukachanika, ukanunuliwa mpya siku iliyofuata kwa fedha ile bila kumwomba mtu, na manung'uniko yakapungua yenyewe. Anzeni na kitu kidogo kinachohusu matumizi ya kila siku, michango ya Jumamosi itarudi nyuma yake.

*Mama, naomba vipimo vya kichanja. Na je, tunaweza kuja kuona?*

Vya kwetu vina urefu wa mita 10. Upana ni wa mikono miwili kukutana katikati, mmoja akisimama huku na mwingine kule, ili msilazimike kupanda juu kugeuza dagaa. Urefu kutoka chini pimeni kwa mwanachama wenu mfupi kuliko wote, maana sisi tulipima kwa mrefu na wawili hadi leo wanasimama kwenye tofali. Kuja mnakaribishwa sana, ila njooni siku za giza, mfike kabla ya saa moja asubuhi. Mbalamwezi mtakuta nyavu tupu na sisi tunaziba matundu.