Kumfuatilia babu Mskoti aliyehamia Marekani: tafuta parokia kwanza

Wateja wengi hunijia na jina, Campbell au MacDonald, pamoja na kitambaa cha drafti cha ukoo walichonunua mtandaoni. Viweke kando. Jina hilo walikuwa nalo maelfu, na wengine walikuwa wapangaji tu waliochukua jina la mwenye ardhi. Unachotafuta ni parokia, kwa kuwa kumbukumbu za Uskoti za kabla ya 1855 zimepangwa kwa parokia. Ukiingia huko na neno "Uskoti" peke yake, utatoka na akina John Campbell chungu nzima usijue wako ni yupi. Na jina la parokia hiyo, mara nyingi, limeandikwa Marekani.

Hatua ya 1: Sensa. Anza na ya 1950, ya karibuni zaidi iliyo wazi kwa umma, urudi nyuma muongo kwa muongo. Ya 1900 inataja mwaka wa kuingia nchini, ya 1880 inasema wazazi walizaliwa nchi gani, na ya 1850 ndiyo ya kwanza kumwandika kila mtu huru wa nyumba kwa jina lake. Ya 1890 karibu yote iliangamia kutokana na moto wa 1921, kwa hiyo usihangaike nayo. Kwenye tovuti ya FamilySearch utazisoma bure.

Hatua ya 2: Karatasi zinazotaja mahali. Hapa usiwe na haraka. Tafuta tanzia za magazetini, daftari za kanisa na jiwe la kaburi. Waskoti wengi walichongewa "mzaliwa wa Paisley" au wa kwingineko kwao. Karatasi za uraia za kabla ya Septemba 1906 zilitolewa na mahakama mbalimbali, na nyingi husema tu kwamba mtu ameacha utii kwa mtawala wa Uingereza. Baada ya hapo fomu ikawa moja nchi nzima, na inauliza mahali pa kuzaliwa na meli aliyokuja nayo. Kwa mwanamke aliyeolewa kabla ya 1922, tafuta karatasi ya mumewe, maana uraia ulimfuata mume.

Orodha za abiria zipo tangu 1820, lakini za zamani huishia kwenye jina la nchi. Za kuanzia 1907 zina safu ya jina na anwani ya ndugu aliyebaki nyumbani. Kama babu alikuja miaka hiyo, mimi huanza na safu hiyo.

Hatua ya 3: Ndugu na majirani. Karatasi za babu zikinyamaza, fungua za kaka yake, za mashahidi wa ndoa yake, na za wenzake wa kazi. Wachonga mawe wa Barre, Vermont, kwa mfano, wengi walitoka Aberdeen na vitongoji vyake.

Hatua ya 4: Majina ya watoto. Kwa desturi, mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Waangalie akina Carnegie, familia ya tajiri wa chuma Andrew Carnegie, waliohama Dunfermline, Uskoti, mwaka 1848: Andrew alipewa jina la babu yake upande wa baba, na mdogo wake Thomas la Thomas Morrison, baba wa mama yao. Si ushahidi, ila hukuonyesha pa kuchimba.

Hatua ya 5: Sasa vuka bahari. Tovuti ya serikali ni ScotlandsPeople. Kutazama picha za hati nyingi hulipiwa. Daftari za zamani za parokia ni za Kanisa la Uskoti, hivyo familia iliyosali kwingine huenda isiwemo. Usajili wa serikali ulianza tarehe 1 Januari 1855, na cheti cha kifo cha huko huwa na nafasi ya majina ya wazazi wote wawili, pamoja na jina la kwao mama. Kwa hiyo hata kama babu aliondoka 1830, mtafute dada au kaka aliyebaki akafa baada ya 1855. Wazazi kwenye cheti chake ndio wazazi wa babu yako.